Chini ya upenu hakuna jua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala ya teknolojia mliyoichapa kuhusu picha za kompyuta, zile zinazomwonyesha mtu nyumba yake kabla hata msingi haujachimbwa. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha. Nachora ramani za nyumba hapa Tabata, na siku hizi mteja haridhiki na karatasi. Anataka atembee ndani ya nyumba kwa simu yake, afungue milango, atazame juu aone kenchi zimekaaje. Kwa hiyo makala ile niliisoma kwa hamu, na sehemu yake kubwa sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko kwenye aya moja. Mwandishi wenu alieleza kwamba mwanga wote wa mazingira, yaani anga, mawingu, jua na ardhi, unaweza kubanwa ukawa namba 9 kwa kila rangi, na kwamba kosa linalobaki ni asilimia 1, ambalo jicho halilioni. Akamalizia kwa kusema mteja anaweza kuziamini picha hizo kama anavyoiamini picha ya kamera. Namba 9 ni kweli. Asilimia 1 nayo ina asili yake. Hilo la kuamini ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, jambo lenyewe liko hivi. Picha ya mazingira ya kawaida ina nyuso 6 kama boksi, na kila uso ukiwa na nukta 128 kwa 128, jumla ni nukta 98,304. Kila kipande cha ukuta kingepaswa kuuliza nukta zote hizo zinakipa mwanga kiasi gani. Simu ingechemka mkononi. Hapo ndipo inapoingia hesabu iitwayo hamoniki za tufe, ambayo inaugawa mwanga unaozunguka kitu katika maumbo machache yaliyopangwa kwa madaraja. Umbo la kwanza, la daraja la 0, ni mwanga ulio sawa pande zote. Yanafuata maumbo 3, kila moja likiwa na upande wa mwanga na upande wa giza: juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Daraja linalofuata, la 2, lina maumbo 5 yenye vilima na mabonde zaidi. Jumla ni 9. Kwa rangi 3 za kioo cha simu zinakuwa namba 27, na hizo hata simu ya bei ya chini inazibeba bila kuhema.

Walioonyesha kwamba 9 zinatosha ni Ravi Ramamoorthi na Pat Hanrahan wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 2001. Ronen Basri na David Jacobs walilifikia jambo hilohilo katika miaka hiyo wakitokea upande wa kompyuta kutambua vitu kwenye picha. Sababu yake inaeleweka: ukuta usiong'aa unakusanya mwanga wa nusu nzima ya mazingira iliyo mbele yake, kwa hiyo mambo madogomadogo ya angani yanachanganyika na kupotea. Kosa la wastani katika mazingira waliyoyapima lilikuwa kama asilimia 1. Tafadhali litazame neno wastani, kisha tazama na mazingira yenyewe. Mojawapo ni ndani ya kanisa la Grace Cathedral la San Francisco, jingine ni kichaka cha mikaratusi, picha zote mbili zikiwa kazi ya Paul Debevec. Kanisani mwanga unaingia kwa madirisha na taa. Kichakani umechujwa na majani. Kiwanja kitupu cha Goba, hapa Dar es Salaam, saa sita mchana hakimo.

Jua letu, ukilitazama kutoka hapa chini, lina upana wa nusu nyuzi tu. Katika tufe zima linalotuzunguka linachukua sehemu 1 kati ya 185,000 hivi. Lakini saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, kipande hicho kinamwaga chini karibu laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia uso), na anga lote lililobaki linachangia labda laksi 15,000. Kitu kidogo namna hiyo chenye nguvu namna hiyo ndicho kinachozishinda namba 9.

Sitaki mtu aniamini kwa maneno, kwa hiyo naomba mniruhusu kuweka hesabu moja gazetini. Chukua uso usiong'aa, uwe chini ya jua peke yake, pasiwe na anga wala ardhi. Katika maumbile, mwanga unaoufikia ni kosaini ya pembe iliyopo kati ya upande unaoelekea uso huo na upande lilipo jua. Pembe ikipita nyuzi 90 jibu ni sifuri, basi. Namba 9 hazitoi hivyo. Zinatoa hiki:

(3 + 16x + 15x²) ÷ 32

ambapo x ndiyo hiyo kosaini. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaimudu. Uso unaolitazama jua moja kwa moja, x ikiwa 1, unapata 34 juu ya 32, yaani asilimia 6 zaidi ya haki yake. Uso ulio ubavuni mwa jua, x ikiwa 0, ulitakiwa kupata sifuri lakini unapata 3 juu ya 32, asilimia 9 na ushee. Sasa tafuta inapokata sifuri. Inakata kwenye nyuzi kama 104, kisha tena kwenye nyuzi kama 145. Katikati ya hapo jibu ni hasi, na kwenye nyuzi 122 linafika karibu asilimia 4 chini ya sifuri. Halafu ukienda mgongoni kabisa mwa jua, x ikiwa −1, unakuta 2 juu ya 32. Asilimia 6 ya jua imetokea mahali ambapo jua haliwezi kufika.

Mwanga hasi, Mhariri. Kariakoo wanauza taa za kila aina, ya mwanga hasi sijaiona.

Tufanye kwa kitu ambacho kila mtu amekiona: ule mpira wa zege unaokaa juu ya nguzo ya geti. Hapa Dar es Salaam jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Siku hiyo, kwa hesabu ya namba 9, mpira huo unang'aa juu kupita kiasi, unabaki na mwanga kiunoni ambao haukustahili kuwepo, chini ya kiuno unavaa mkanda mweusi, kisha kitakoni unawaka tena. Anga haliuokoi. Kwenye ule mkanda, laksi 15,000 za anga zinachangia kama 3,500 tu, kwa kuwa sehemu hiyo imeelekea chini, na jua la hesabu linanyang'anya karibu 4,000. Kilichobaki ni hasi, na programu inakionyesha kama weusi mtupu. Hivyo ndivyo inavyotokea ardhi ya kwenye picha ya mazingira ikiwa nyeusi, na anga nyingi zinazotungwa na programu zina ardhi nyeusi.

Rangi nazo zinaharibika. Jua lina unjano, anga lina ubuluu. Jua likinyang'anywa, nyekundu inapungua zaidi kuliko bluu, kwa hiyo kabla mkanda haujawa mweusi unageuka bluu ya wino, na kitakoni, pale asilimia 6 inaporudi, panakuwa na unjano. Ukishauona mara moja hutaacha kuuona kwenye gemu za zamani: nyuso za watu zenye kidevu cheusi na koo linalowaka.

Ardhi ikiwa na mwanga, mambo yanajificha, na hapo ndipo kwangu pana hatari kubwa zaidi. Tuseme ardhi inarudisha sehemu ya tano ya mwanga unaoiangukia. Ukuta wa wima, jua likiwa utosini, ungestahili kupata laksi 11,500 kutoka ardhini na 7,500 kutoka angani, jumla 19,000. Namba 9 zinauongezea nyingine 9,400 za jua lisiloufikia. Ukuta umekuwa na mwanga nusu zaidi ya ule wa kweli. Hakuna mkanda mweusi, hakuna rangi ya ajabu, hakuna cha kumshtua mtu. Picha inapendeza. Ukimuuliza aliyeitengeneza atakwambia huo ni mwanga unaodunda kutoka kwenye mchanga, na ataamini anachokisema.

Aliyenishangaza ni mzee mmoja, mstaafu wa reli, anayejenga Mbweni. Alikuja na picha kwenye simu alizotengenezewa na ofisi nyingine, si kwa ajili ya picha bali kwa ajili ya bei ya kuchora upya varanda. Akanisogezea simu, akaweka kidole chini ya upenu, ndani kidogo ya fisha bodi. "Kijana wangu, hapa wamesema ni saa sita. Jua liko juu ya bati. Huu mwanga wa njano hapa chini unatoka wapi?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, unatoka kwenye hesabu."

Akanitazama kama niliyemkosea adabu. Ilibidi nitoe karatasi nimfanyie hiyo hesabu ya juu, kwa kalamu, naye akaifuata hatua kwa hatua, maana kumbe reli alikuwa upande wa ufundi. Tulipofika kwenye −1 akacheka. Kisha akaniambia jambo ambalo halikuwa la kuchekesha: kwa kuwa picha ilionyesha varanda ina mwanga wa kumwaga, mama watoto alikuwa ameshachagua silingi bodi za rangi ya chokoleti, nzito, ili kupunguza mng'ao. Mng'ao gani? Varanda ile imeelekea kusini, ina upenu wa futi 4 na ukuta mrefu wa jirani mbele yake. Kwa bodi za chokoleti wangewasha taa saa nane mchana.

Ofisi iliyotengeneza zile picha silaumu sana. Programu nyingi zinakuja zimeshapangwa hivyo, mtu anabonyeza kitufe anapata anga, na hakuna mahali panapomwambia kwamba jua nalo limeingizwa kwenye zile namba 9. Tena wapo ambao kamera zao zimewaokoa bila wao kujua. Wanapiga picha ya mazingira kwa kamera ya kawaida, jua linazidi uwezo wake, linarekodiwa kama doa jeupe lisilo na nguvu kuliko wingu lililo jirani, kwa hiyo mkanda hautokei. Kamera mbovu imewapa picha nzuri. Wakinunua nzuri zaidi, inayorekodi jua kwa nguvu zake zote, ndipo wanaanza kulalamika kwamba nyumba zao zimekuwa na ukungu mweusi chini ya madirisha.

Tabia hii ya mawimbi kuasi yanapokatwa kabla hayajaisha ni ya zamani, na historia yake inapendeza kuisimulia katika ukurasa huu kwa sababu ilipitia kwenye barua kwa mhariri. Mwaka 1898 Albert Michelson, aliyekuwa na mashine ya kujumlisha mawimbi, aliliandikia jarida la Nature akihoji kama mfululizo wa mawimbi unaweza kweli kuchora ukingo wa ghafla. Josiah Willard Gibbs wa Yale akajibu Desemba mwaka huo, kisha Aprili 1899 akaandika tena kusahihisha jibu lake: jumla ya mawimbi inapitiliza kwenye ukingo, na kuongeza mawimbi hakupunguzi kimo cha kupitiliza huko, kunakisogeza tu karibu zaidi na ukingo. Ni kama asilimia 9 ya urefu wa ukingo wenyewe. Mwingereza Henry Wilbraham alikuwa amelieleza jambo hilo tangu 1848, akasahaulika. Jua lililobanwa ni la ukoo huohuo, maana yale maumbo ya madaraja nayo ni mawimbi, ila yamezungushwa kwenye tufe. Mawimbi ya juu yaliyotupwa ndiyo yaliyokuwa na kazi ya kuyafuta ya chini upande wa pili wa tufe. Yasipokuwepo, theluthi nzima ya ukali wa jua hilo lililobanwa inachomoza kutoka chini ya miguu yako. Ukuta ndio unaolainisha theluthi hiyo hadi ikafika ile asilimia 6.

Sasa dawa. Inayotumika zaidi ni kuziba: popote jibu likiwa hasi, andika sifuri. Hiyo ni kupaka rangi ukuta wenye unyevu. Weusi utabaki weusi, na mwanga wa bandia wa kiunoni na kitakoni haujaguswa hata kidogo.

Mwandishi wenu aligusia dawa nyingine, kwamba anayetaka usahihi aongeze namba. Hapa hesabu ina kituko chake. Ukitoka daraja la 2 kwenda la 3 unatoka namba 9 kwenda 16, na kwa uso usiong'aa hupati chochote, kwa sababu mchango wa daraja la 3 kwa uso wa namna hiyo ni sifuri kamili. Unalipia namba 7 za bure. Lazima uende daraja la 4, namba 25, na hapo mgongoni mwa jua ile asilimia 6 ya ziada inageuka asilimia 3 chini ya sifuri. Kosa limebadili ishara tu. Wapima ardhi wanaotumia EGM2008, kielelezo cha nguvu ya uvutano ya dunia, kupata usawa wa bahari kwa vifaa vya setilaiti wanafanya kazi na hesabu hii hii ya tufe, ila wao wamekwenda hadi daraja la 2,159. Simu ya mteja wangu haina ubavu huo.

Ya tatu ni kulainisha: kupunguza nguvu ya madaraja ya juu kidogo kidogo badala ya kuyakata kwa panga. Peter-Pike Sloan aliizungumzia vizuri mwaka 2008 kwenye mkutano wa watengeneza gemu. Nimejaribu njia mojawapo ya kulainisha hivyo, kichujio cha Lanczos chenye upana wa 3. Uso unaolitazama jua unashuka hadi asilimia 79, ubavuni mwanga wa bandia unapanda hadi karibu 19, na mgongoni bado kuna hasi ya asilimia 3. Kwa kiwanja cha mawingu au ndani ya sebule, inafaa sana. Kwa jua la utosi, nyumba inaonekana imefunikwa chandarua.

Dawa ninayoitumia mimi ni kulitoa jua nje kabla ya kubana chochote. Unatafuta nukta zake kwenye picha ya mazingira, unazifuta kwa rangi ya anga la jirani, unaandika pembeni nguvu na rangi iliyokuwemo, kisha unaliweka kama taa moja inayojitegemea yenye kivuli chake halisi. Zile namba 9 zinabaki na anga na ardhi peke yake, kazi zinayoiweza, na hapo ile asilimia 1 ya Stanford inaanza kuwa na maana hata Goba. Gharama yake kwa simu ni ndogo. Kosa la kuepuka ni kuiweka hiyo taa huku jua la kwenye picha umeliacha humohumo. Nyumba inakuwa na majua mawili, moja lenye kivuli na jingine linalopenya bati.

Ninachoomba kwako, Mhariri, ni sahihisho fupi: kwamba asilimia 1 ni wastani wa mazingira yaliyopimwa, si ahadi kwa kila nyumba na kila saa. Kwa wenzangu wa kazi, tuandike chini ya picha saa iliyokusudiwa, na kama jua limehesabiwa peke yake au limebanwa pamoja na anga. Mstari mmoja unatosha. Mteja anayeamua rangi ya dari, upana wa upenu na idadi ya madirisha kwa kutazama picha ana haki ya mstari huo. Na vyuo vinavyofundisha vijana programu hizi viwape mpira mweupe wautazame kwanza, kabla ya kuwapa majumba ya kifahari ya kupamba.

Atakayetaka kulithibitisha kwa macho yake asubiri hiyo Oktoba, kama mawingu yatamruhusu. Jua litakuwa utosini Dar saa sita na dakika kama kumi. Atandike kitambaa cheusi kikubwa uani, mbali na kuta, aninginize mpira uliopakwa chokaa kwa uzi, achuchumae, atazame chini ya kiuno cha mpira. Ataona mwanga unapungua mfululizo hadi kitakoni, bila mkanda, bila unjano. Kisha aufungue mpira huohuo kwenye programu yake, aweke anga na saa hiyohiyo, na aulize ofisini kwake nani anajua jua limewekwa wapi.

Wako,
Mchora ramani,
Tabata, Dar es Salaam